Kidoti na Maswali ya Mwalimu

Kila asubuhi darasa la chekechea lilianza kwa picha. Mwalimu aliinua picha ya ndizi na kuuliza, "Hii ni nini?"

"Ndiziii!" Watoto walipiga kelele mpaka madirisha yakatetemeka.

Kidoti, msichana mwenye doa dogo shavuni, alinyamaza. Akiulizwa yeye, aliinamisha kichwa na kuficha mikono nyuma.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Walikuwa wamehamia mtaani hapo karibuni, kutoka mbali. Jioni moja mwalimu alimwambia, "Mama Kidoti, mtoto hajibu kitu. Naona tumrudishe kwa wadogo."

"Hajibu? Huyu anayenimaliza masikio nyumbani?" Mama alishtuka. "Tafadhali, mwalimu. Atavunjika moyo, ataikataa shule kabisa."

Mwalimu alidhani mama anamtetea mwanawe tu. Lakini mwalimu mwenzake, mama wa makamo aliyewahi kufundisha watoto wa makabila mengi, alimzuia.

"Usiwe na haraka, mdogo wangu. Umemwona darasani tu. Nenda kwao kwanza."

Mwalimu akaenda. Kidoti alikuwa sakafuni anapanga vifungo, vyekundu huku, vyeupe kule, na mdomo haufungi. Mwalimu akafurahi. Akaokota kimoja. "Hiki kina rangi gani?"

Kidoti akainamisha kichwa, mikono ikaenda nyuma.

Mama aliacha kushona. "Mwalimu, si unakiona mwenyewe? Kwetu mtu mzima haulizi analolijua. Akimuuliza mtoto hivyo, basi mtoto kaharibu kitu na anatakiwa akiri."

Mwalimu aliona aibu, na huruma ikamjaa. Kumbe kila asubuhi mtoto huyu alijiona ameshtakiwa!

Alimsimulia mwenzake. Mwenzake hakumcheka. Sawa, alicheka kidogo. "Kila nyumba ina namna yake ya kuzungumza na watoto," alisema. "Waulize wazazi. Halafu mfundishe mtoto namna ya shule, bila kumnyang'anya ya kwao."

Kesho yake mwalimu aliketi mkekani na watoto. "Wanangu, nikiuliza kwa picha, tunacheza. Jibu ninalo. Hakuna aliyekosa. Na nyinyi mtaniuliza mimi." Kisha akaonyesha koti lake. "Lakini hili silijui kweli. Kifungo hiki nakishona, kinadondoka tena. Kidoti, nifanyeje?"

Kidoti akainua macho. "Unatumia uzi mmoja?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana! Ukunje ziwe nyuzi mbili, halafu piga fundo."

Akaendelea kueleza mpaka wenzake wakasogea kusikiliza. Picha hakuzijibu siku hiyo, na mwalimu hakumharakisha. Alianza kuzijibu siku za baadaye, kwa sauti ndogo.

Jioni ya siku ile ya kifungo mama alifika, wasiwasi umemjaa usoni.

"Anabaki hapa hapa," mwalimu alimwambia.

Mama alishusha pumzi. Kidoti alimvuta mkono. "Mama, kesho niamshe mapema. Mwalimu hajui kushona, na bado sijamaliza kumfundisha."