Kasha la Simu Zilizofungwa

Kasha liliibwa mchana, mbele ya umati, na hakuna aliyeliona likiondoka.

Mvua ndiyo iliyomsaidia mwizi. Ilikuwa siku ya soko mjini Busia, upande wa Uganda, na ilipomwagika ghafla kila aliyekuwa barabarani alikimbilia paa lililo karibu. Duka la simu la Lenox Maloba likajaa hadi mlangoni: wauza nyanya, waendesha bodaboda, akina mama na kuku wao. Mvua ilipokatika, watu wakatawanyika. Maloba akageuka. Kaunta ilikuwa tupu.

Inspekta Florence Amondi alifika na tope kwenye buti. Alikuwa mzaliwa wa Petta, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na watu wa mpakani walimjua kwa jambo moja: hakuwa na desturi ya kumfokea mshukiwa.

"Ndani ya kasha mlikuwa na nini?"

"Simu za wateja waliochelewa kulipa, afande."

Maloba akamweleza biashara yake. Mwenye pesa zote hulipa taslimu, simu ikawa yake palepale. Asiye nazo hutoa kianzio, kisha hulipa kidogo kidogo kila mwezi, na mwishowe hulipa zaidi ya yule wa taslimu. Akikosa mwezi, kampuni huifunga simu kutoka mbali. Akizidi kukosa, Maloba huichukua na kuiweka kwenye kasha mpaka mwenyewe alipe.

Amondi alitazama rafu. Simu mpya zilikuwa zimepangwa pale, karibu kabisa na mkono wa mtu. Hata moja haikuguswa.

"Simu iliyofungwa inauzwa wapi?"

"Haiuziki. Ni kama tofali tu."

"Basi huyu mwizi hakutaka kuuza."

Ukutani palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki. Ulitangaza kwamba Jumamosi simu zote za wadaiwa zingetundikwa mbele ya duka, kila moja na jina na picha ya mwenyewe. Amondi aliusoma mara mbili, akauliza wazo hilo lilikuwa la nani. Maloba alikubali kuwa ni lake, akitazama sakafu. Alikuwa amechoka kufukuzana na watu.

Mshukiwa alikuwa amekwisha kupatikana. Polisi walimkamata kituo cha magari ya Tororo: Ochwo, kijana fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Osukuru, ambaye asubuhi ile alikuwa amegombana na Maloba na watu wote wakasikia. Amondi alimkuta amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, mikono juu ya magoti.

"Mligombania nini?"

"Alitaka kunitundika kama nyama ya bucha, afande. Na mimi nilikosa mwezi mmoja tu, malaria ilinilaza."

"Baada ya kugombana ulifanya nini?"

"Nikalipa."

Amondi alimpigia Maloba simu. Ilikuwa kweli. Malipo yaliingia kabla ya mvua kuanza, na Maloba alilitoa kasha chumba cha nyuma ili amrudishie Ochwo simu yake. Nani anayeiba kitu anachokabidhiwa? Lakini mkuu wa kituo hakutaka kusikia. Alisema kijana alionekana kando ya kaunta, na hangetoka mpaka kasha lipatikane.

Ochwo alisema haogopi selo. Aliogopa habari zifike Tiira. Huko alikuwako Barbara, mwalimu wa chekechea aliyetaka kumwoa, ambaye baba yake alikuwa amekwisha kumkataa Ochwo mara moja, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Baba huyo, Mzee Egesa, alisimama siku ile akasema kwamba mtu anayenunua simu kidogo kidogo atamlisha mke kidogo kidogo.

"Yeye alinunuaje yake?"

"Kesh. Anasema kanisani, anasema sokoni, anasema hata matangani."

Kesho yake Amondi alimwomba Maloba amtajie wenye simu, akawapigia mmoja mmoja kwa namba za ndugu zao. Wengi walicheka. Mwendesha bodaboda mmoja alisema picha yake ikitundikwa mjini itamletea abiria. Mmoja tu ndiye aliyekana kabisa.

"Mimi sijapata kununua kitu kidogo kidogo tangu kuzaliwa," alisema, akakata.

Huyo alikuwa Mzee Egesa wa Tiira.

Maloba aliapa kuwa alimuuzia yeye mwenyewe. Mzee alikuja wakati wa kufunga, akaomba hata mlango urudishwe kidogo. Amondi akamwagiza Maloba akae karibu na simu yake, akapanda gari kwenda Tiira.

Mzee Egesa alikuwa mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na nyuma ya boma lake lilionekana rundo la udongo mwekundu wa shimo la dhahabu. Alimpokea mgeni kwa heshima. Barbara alileta chai na karanga za kuchemsha, akapiga goti kusalimia, akakaa kando. Macho yake yalikuwa yamevimba. Habari za Ochwo zilikuwa zimefika.

"Mzee, jana ulikuwa Busia?"

"Nilipita."

"Mvua ilikukuta wapi?"

"Pale pale mjini."

"Na simu yako iko wapi?"

"Kwa fundi, Tororo. Nilinunua kesh, lakini hata ya kesh inaharibika."

Amondi alikunywa chai. Kisha akamwandikia Maloba ujumbe wa neno moja. Simu iliyofungwa haiwezi kupiga, lakini kampuni, ikiombwa na muuzaji, inaweza kuifanya ilie.

Mlio wa kwanza ulitoka ghalani. Ukafuata wa pili, wa tatu, kila simu na wimbo wake, mpaka ghala lote la wimbi likawa linaimba kama kwaya isiyo na mwalimu. Kuku waliokuwa wamelala chini yake walitimka. Mbuzi akakata kamba.

Mzee Egesa alibaki na kikombe hewani.

"Ghala lako linapigiwa, mzee," Amondi alisema.

Barbara alikuwa wa kwanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa kiganja, akashindwa. Kisha akaelewa, na kicheko kikakatika.

"Baba. Ulijua Ochwo amefungwa?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Nilijua. Sikulala."

Akaeleza yote bila kuulizwa tena. Mwanawe aliyekuwa kazini ng'ambo alikuwa amepata mtoto, na mzee alitaka simu ya kumwona mjukuu. Dhahabu ilikuwa haijatoka, na kungoja hakuweza. Akachukua ya kulipa kidogo kidogo, wiki chache baada ya kumkataa Ochwo kwa sababu hiyo hiyo. Shimo likajaa maji ya mvua, akakosa mwezi, akakosa mwingine. Jana alikwenda kumsihi Maloba asimtundike. Alipoingia akamkuta Ochwo amesimama kaunta.

"Ningeomba vipi mbele ya yule kijana? Kwa mdomo uleule?" alisema. "Mvua ikaja, watu wakatusukuma, kasha liko hapa karibu na kiuno changu. Nilitaka yangu tu, afande. Sikupata nafasi ya kuchagua. Nikaliingiza lote ndani ya koti."

"Na ghalani?"

"Niliona aibu kulifungua."

Amondi alimwambia wizi ni wizi, na kwamba maelezo yake yangeandikwa. Mzee aliingia garini mwenyewe. Barbara naye akaingia, kasha mapajani, simu mbili bado zikilia.

Kituoni, Maloba alizihesabu simu zake, akazikuta zote. Akasema hataki kesi. Alikuwa ameufuta ubao asubuhi ile, baada ya mama yake kuvuka kutoka upande wa Kenya kuja kuuona kwa macho yake. Mkuu wa kituo alinung'unika, kisha akakubali wapatane, baada ya kumpa mzee onyo ambalo lilisikika mpaka barabarani.

Ochwo akatolewa. Mzee Egesa alivua kofia.

"Nilikusema mbele ya wazee," alisema. "Nitajisema mbele ya wazee walewale. Jumapili uje nao."

Kijana alimtazama Barbara, kisha mzee.

"Tutakuja, baba," akasema.

Mzee hakumkataza neno hilo.