Kitambaa cha Fundi Eliwaza

"Hivi jirani, ukimtengeneza mtu unaanzia wapi, usoni au miguuni?"

Mama Mpinga aliwahi kumuuliza hivyo Fundi Eliwaza, siku alipokuja kuomba chumvi akamkuta ameinama mezani, tupa ya kusugulia mkononi.

"Miguuni," Eliwaza alijibu bila kuinua kichwa. "Uso umezoea watu. Miguu haijui kusingizia."

"Basi mimi usinitengeneze. Yangu itanisengenya hadi kwa mchungaji!"

Kazi ya Eliwaza ilikuwa vitendi. Kitendi ni sanamu ya mtu, urefu wake shubiri moja, lakini si ya kusimama kabatini tu. Kinatembea, kinainama, kinajikuna shingo vilevile alivyokuwa akijikuna mtu huyo. Zamani aliviunda kwa ajili ya watoto waliotaka mashujaa wao wa mchezo. Tangu mnara wa angani ujengwe nje ya mji wa Singida, na wanaume kuanza kupandishwa kwenda Kituo cha Juu kuyeyusha madini, wateja walibadilika. Anayefia huko mwili wake haushuki. Kampuni huipa familia kitendi badala ya maiti. Mjane akishaweka kidole kwenye kibao cha kupokelea, shauri limefungwa, hakuna kuuliza tena.

Eliwaza hakuwa na haraka kazini. Vipimo vya mwili alivitoa kwenye picha za suti ya kazi, akavipeleka kwenye kichapishi cha utomvu, nacho kikajenga kiungo kimoja kimoja, tabaka juu ya tabaka, chini ya mwanga wa zambarau. Masalio aliyakata kwa koleo, kisha akapiga msasa wa maji mpaka kidole kisihisi mshono. Goti ni kichwa cha duara ndani ya kikombe: kikibana sana linalia, kikilegea linayumba kama la mlevi. Rangi aliipuliza nyepesi, mara sita, maana ukiipaka nzito mara moja inajaza mikunjo ya uso, mtu anabaki kama yai. Mwisho kabisa aliingiza kifuani punje ya mwendo, ndogo kama punje ya uwele, ambamo suti ya marehemu ilikuwa imeandika kila alivyosogea siku yake ya mwisho.

Kila punje ilifika na alama nyekundu kwenye mwendo iliouhifadhi. Bwana Kijida, msimamizi wa kampuni, alimweleza tangu siku ya kwanza.

"Hapo kwenye alama ndipo roho ilipotoka, Fundi. Kinachofuata ni suti kutikisika tu. Ukimaliza kazi, kata hapo."

Lakini kabla ya kukata ilibidi punje yote ichezwe mara moja, mwanzo hadi mwisho, ili viungo vipya vizoeane. Usipofanya hivyo, nyonga inakwama kabla wiki haijaisha. Na Eliwaza, aliyemwosha na kumfunika marehemu mumewe kwa mikono yake mwenyewe, hakuona vyema kumkodolea macho mtu aliyekwisha kukata roho. Kwa hiyo alama nyekundu ikifika, alikifunika kitendi kwa kitambaa cheupe, akasema sala fupi, akaenda jikoni kuchemsha chai. Kitambaa kilikuwa kikichakarika nyuma yake. Hakugeuka. Alivifunika hivyo vitendi kumi na kimoja.

Cha kumi na mbili kilikuwa cha Yonathani Ntandu.

Asubuhi ile kitendi kilipanda ngazi ndogo ya mezani, kikiburuza kidogo mguu wa kushoto, kikateleza, kikaanguka. Alama nyekundu. Eliwaza akafunika, akasali, akaenda zake. Aliporudi na kikombe mkononi, kitambaa kilikuwa sakafuni, na kitendi hakikuwa pale alipokiacha.

Kilikuwa kimejikokota kwa kiwiko hadi mwisho wa meza, kwenye kopo la rangi. Kimelala ubavu, mkono mmoja unagonga bati. Mara tatu. Kikapumzika. Mara tatu tena.

Eliwaza alisimama hapo mpaka chai ikapoa. Kitendi kilipotulia, saa ya ukutani ilimwambia dakika thelathini na nane zimepita tangu alama nyekundu.

"Suti haipigi hodi," alisema peke yake. Kisha akakumbuka kuchakarika kwa kile kitambaa, mara kumi na moja, naye jikoni anapima majani ya chai. Akakaa chini.

Punje hakuikata.

Siku ya pili Bwana Kijida alimleta mke wa marehemu. Aliitwa Zilipa, mkamuaji wa mafuta ya alizeti, na harufu ya kazi yake iliingia naye mlangoni. Hata kiti hakukisubiri. Eliwaza alikuwa amekiwasha kitendi, kinatembea mezani.

"Ndiye," Zilipa alisema. "Ona anavyouburuza huo mguu! Pikipiki ile, nilimkataza mimi. Kichwa kigumu kama kinu." Akacheka, akafuta pua kwa ncha ya kanga.

"Weka kidole hapa, mama," Kijida alisema, akisogeza kibao. "Tusikucheleweshe."

"Ngoja kwanza nimwone. Fundi, hakuteseka?"

"Alikwenda papo hapo," Kijida alijibu.

"Nimemuuliza fundi, baba."

Eliwaza aliangalia mikono yake. Wajane kumi na mmoja walikuwa wametoka humu ndani na vitendi vyao, na watatu kati yao waliimba naye kwaya. Alijua akisema moja atakuwa amesema kumi na mbili.

"Mimi maneno yangu ni machache, mwanangu," alisema. "Mtazame mwenyewe."

Kitendi kilipanda ngazi. Kikateleza, kikaanguka. Zilipa akashika mdomo. Kijida akakiwahi kitambaa cheupe kilichokuwa pembeni.

"Mfunike, Fundi. Heshimu maiti."

Eliwaza akamnyang'anya kitambaa, akakikunja mara mbili, akakikalia.

Kitendi kikageuka ubavu. Kikanyoosha kiwiko, kikajivuta, kikanyoosha tena. Njia ile ya urefu wa mkono mmoja wa mtu mzima kilitumia muda mrefu kuimaliza. Kilipofika kwenye kopo kikagonga. Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

"Anapiga hodi," Zilipa alisema polepole. "Ndivyo anavyogonga nyumbani akichelewa. Anagonga tatu, anasubiri niamke." Akamgeukia Kijida. "Huo ni mlango gani?"

"Mama, haya mambo yana utaratibu..."

"Nimeuliza mlango gani."

"Wa chumba cha tanuru," Kijida alisema. "Ukifunguliwa kazi ikiwa inaendelea, tanuru zinapoa. Zikipoa, ni siku tatu kuziwasha upya. Suti yake ilikuwa imetoboka, hewa inavuja, hata angefunguliwa, sijui..."

"Ndani kulikuwa na mtu?"

Kijida akatazama kibao chake. "Watu wawili wa zamu."

"Walisikia?"

Zilipa akavuta kiti, sasa ndipo akakaa. Nje upepo wa Singida ulisukuma bati za paa, na mezani ule mkono mdogo ukaendelea na kazi yake, kila mara ukichelewa zaidi ya mara iliyopita. Kijida alitoka nje, akarudi, akatoka tena, akarudi. Zilipa hakuyaondoa macho. Mara ya mwisho kitendi kiligonga mara mbili. Ya tatu haikuja.

"Mama Shango," Zilipa alisema baadaye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ulimpa cha mumewe kabla ya Pasaka. Anakiweka karibu na kitanda, kinamwamkia kila asubuhi. Yeye ulimwonyesha?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sikuona. Nilikifunika."

"Ulikisikia?"

"Nilisikia kitambaa," Eliwaza alisema. "Mungu anisamehe, nilisikia kitambaa, nikaenda kuchemsha chai. Nilidhani ndiyo heshima."

Zilipa alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Kijida akasogeza kibao hadi mbele yake. Zilipa hakukiangalia. Akakiinua kitendi kwa mikono miwili, akakinyoosha mguu wa kushoto, ule mbovu, akakiegemeza kifuani.

Eliwaza akainuka, akakikunjua kitambaa, akamnyooshea. "Kifunge, mwanangu. Nje kuna vumbi."

Zilipa akakitazama kitambaa. Akaitazama mikono iliyokishika. Kisha akampita fundi, akampita Kijida na kibao chake, akafungua mlango kwa kiwiko, akatoka na mumewe akiwa wazi juani.