Chupa za Nyuma ya Friji

Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa kwa wateja, Ida Komba alikagua gwaride. Askari wake walikuwa chupa za mtindi. Zilisimama ndani ya friji zimenyooka, kifuniko sambamba na kifuniko, lebo zote zikitazama mbele, naye Ida alipita taratibu, mikono nyuma, kama mgeni rasmi. Chupa iliyothubutu kusimama upande ilirekebishwa papo hapo, bila kupewa nafasi ya kujitetea.

Ida alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa akijifunza kazi katika supamaketi moja ya Msamala, mjini Songea. Wiki ya kwanza alipewa ufagio. Wiki ya pili alipewa shelfu ya sabuni. Wiki ya tatu msimamizi, Mama Shakila, alimkabidhi friji ya maziwa, habari ambayo Ida aliitangaza nyumbani kwa uzito wa mtu aliyeteuliwa kuwa mkuu wa wilaya.

"Ukiitunza vizuri mwezi mzima, nitamwomba mwenye duka akuajiri," Mama Shakila alimwambia. "Ila kumbuka, mzigo mpya ukija, toa kwanza chupa za zamani zote. Panga mpya nyuma, halafu rudisha za zamani mbele. Za zamani zinunuliwe kwanza, zisije zikaisha muda humu ndani."

"Nimeelewa, mama."

Kuelewa alielewa. Tatizo lilikuwa vidole. Mwezi wa sita Songea ina baridi yake yenyewe, haihitaji msaada wa friji. Kutoa chupa arobaini na kuzirudisha kulichukua nusu saa, na mwishowe Ida hakuwa na uhakika kama vidole bado ni vyake. Basi akavumbua njia fupi: za zamani alizisukuma nyuma, mpya akazisimamisha mbele. Dakika tano, kazi imekwisha! Gwaride lilipendeza vilevile. Mama Shakila akaisifu kasi yake. Erasmus, kijana mwenzake aliyekuwa akijifunza upande wa biskuti, akaanza kumwita Mkuu wa Majeshi.

Ijumaa moja, wiki mbili baadaye, aliingia Bibi Devota, mteja wa siku nyingi kutoka Peramiho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili mjukuu wangu anapata kipaimara. Watoto watajaa nyumbani kama siafu, nataka chupa kumi za mtindi."

Ida akanyoosha mkono kuchukua za mbele. Bibi akamsogeza kwa kiwiko.

"Ngoja! Nyie wa madukani nimeshawajua. Vibichi mnaficha nyuma, sisi mnatuwekea vya siku nyingi mbele. Mimi hamnipati!" Akaingiza mkono hadi begani, akachomoa chupa kumi za nyuma kabisa, moja baada ya nyingine, huku akimtazama Ida kwa ushindi mkubwa.

Ida alitaka kumzuia, lakini angesikiwa. Mama Shakila alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Ida akajiambia kwamba pengine chupa zile bado ni nzima. Bibi akalipa, akaondoka.

Hapo ndipo Ida alipovuta chupa iliyobaki nyuma akasoma tarehe. Ilikuwa imeisha muda tangu Jumatatu.

"Erasmus," alinong'ona, "nimemuuzia bibi mtindi ulioisha muda. Chupa kumi."

Erasmus akaangalia chupa, akaangalia mlango. "Hujamuuzia, kachagua mwenyewe. Itupe hiyo, nyamaza. Nani atajua?"

"Watoto watajua. Matumbo yao yatawaambia."

"Ukisema, kazi umeikosa."

Ida alilijua hilo. Alisimama mbele ya gwaride lake zuri, na kwa mara ya kwanza hakulionea fahari. Kisha akaenda kwa Mama Shakila na kueleza yote: baridi, vidole, dakika tano, Bibi Devota. Alieleza haraka sana, asije akabadili mawazo katikati.

Mama Shakila hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifungua friji ya stoo, akajaza kikapu chupa kumi za mzigo wa asubuhi hiyo.

"Magari ya Peramiho hayangoji mtu," alisema. "Kimbia."

Ida alikimbia. Alifika kituoni aproni imemzunguka ikawa mgongoni. Bibi Devota alikuwa amekaa juu ya gunia akisubiri gari lijae, na pembeni yake mtoto wa jirani aliyefuatana naye alikuwa amekwisha kufungua chupa na kuipeleka mdomoni.

"Usinywe!" Ida alipaza sauti.

Kituo kizima kiligeuka. Mtoto akashusha chupa. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa maji yake halali naye akayashusha, kwa tahadhari.

"Nisamehe, bibi," Ida alisema akihema. "Huo mtindi umeisha muda. Mimi ndiye niliyeupanga vibaya. Vibichi niliweka mbele, vya zamani nikavisukuma nyuma. Nimekuletea vingine."

Bibi Devota akageuza chupa, akaisogeza mbali na macho ili aione tarehe. Akakunja uso. Ida akajiandaa.

"Kwa hiyo ujanja wangu wote ule," bibi alisema polepole, "na mkono wangu ulivyoganda, nimejichagulia sumu?" Akaanza kucheka hadi gunia likatikisika. Kisha akaacha ghafla. "Lakini usirudie. Wajukuu ninao hao tu."

"Sitarudia, bibi."

Aliporudi dukani na chupa zile kumi mbovu, Mama Shakila alikuwa ameshatoa kila kitu ndani ya friji na kukipanga sakafuni.

"Zisome tarehe zote, moja moja," alisema. "Na wiki mbili zijazo friji itakuwa ya Erasmus. Wewe rudi kwenye sabuni."

"Ndiyo, mama." Ida akaokota chupa ya kwanza. "Na kazi?"

Mama Shakila aliinama, akashika chupa mbili, akaanza kumsaidia.

"Hata mimi nina kosa. Nilisifu kasi bila kuchungulia nyuma. Sikiliza, Ida. Chupa ya mbele kila mtu anaiona, na kuipanga vizuri si ajabu. Ya nyuma unaiona wewe peke yako, na mtoto wa watu ndiye atakayeinywa. Ulikosea kwa uvivu, na leo ungeweza kunyamaza, lakini ulisema watoto wakiwa bado hawajaumwa. Mtu anayesema mapema naweza kumfundisha kazi. Mwezi ukiisha nitakwenda kwa mwenye duka kama nilivyokuahidi."

Ida alipiga magoti sakafuni, vidole vikimuuma kwa baridi, akaanza kusoma.