Zamda Amfundisha Mdogo Wake Kutembea

Zamda anakaa karibu na mashine ya kusaga unga. Mashine hulia mchana kutwa. Tuku, tuku, tuku.

Zamda na rafiki yake Tausi wanapenda kucheza rede. Lakini rede inataka watu watatu. Wawili warushe mpira, mmoja akae katikati akwepe. Ukimgusa, ametoka.

Wao ni wawili tu. Katikati hakuna mtu.

Halafu mama akajifungua mtoto wa kiume. Akaitwa Kibwana.

"Huyo hapo wa katikati!" akasema Zamda.

Asubuhi moja mama alimwogesha Kibwana. Akamshika kwapani, nyayo zikagusa mkeka. Miguu ikainuka, mmoja baada ya mwingine. Tipu, tipu, tipu.

"Mama! Anatembea!"

"Hapana, mwanangu. Watoto wachanga wote hufanya hivyo. Miguu inajiendea tu. Kutembea bado sa..."

Zamda hakusikia mwisho. Alikuwa ameshafika kwa kina Tausi.

Tausi akaja mbio na mpira wa soksi. Kibwana alikuwa amelala fofofo.

"Huyu ndiye anatembea?" akasema Tausi. "Mbona kalegea kama mlenda!"

Zamda akaona aibu. "Basi nitamfundisha mwenyewe," akasema. "Mimi ndiye mwalimu wake."

Mwalimu akapiga makofi. Pa!

Kibwana akashtuka. Mikono ikafunguka, pwaa! Kisha ikajikunja.

"Mama, anadaka mpira!"

"Anadaka nini? Umemtisha, Zamda!"

Kibwana akalia. Ng'aa! Ng'aa!

Zamda akajikuna kichwa. Akacheka kidogo.
"Mimi nami! Mwalimu gani mimi?"

Kibwana akakua. Shingo yake ikakaza. Mwalimu akamlaza kifudifudi mkekani.

"Tazama, Kibwana. Kutambaa ni hivi."

Zamda akatambaa. Sra, sra, sra. Akazunguka mkeka. Akazunguka jiko. Magoti yakajaa majivu.

Kibwana akamtazama. Akatoa ulimi.

"Shoga," akasema Tausi, "mwanafunzi kalala, mwalimu ndiye anayetambaa!"

Zamda akaenda kunawa magoti. Alipogeuka tu, biringi! Kibwana akajigeuza chali. Hakufundishwa na mtu.

Zamda akajikuna kichwa. Akacheka.
"Mimi nami! Mwalimu gani mimi?"

Kibwana akazidi kukua. Mama akamkalisha ndani ya beseni. Akamzungushia khanga, asije akaumia.

Kibwana akaegemea huku. Akaegemea kule. Pwata! Akaangukia khanga.

"Sivyo hivyo," akasema mwalimu. "Mgongo wima! Ngoja nikuonyeshe."

Zamda akachukua ndoo. Akakaa ndani yake, mgongo wima kabisa.

Vizuri sana. Lakini hakuweza kutoka.

"Mamaaa!"

Mama akavuta mikono. Tausi akavuta ndoo. Vuta! Vuta! Poo! Zamda akatoka, wote wakaanguka chini.

Wakamtazama Kibwana. Alikuwa amekaa wima ndani ya beseni, peke yake, anawacheka. Ke ke ke!

Zamda akajikuna kichwa. Akacheka sana.
"Mimi nami! Mwalimu gani mimi?"

Kibwana akaanza kutambaa. Kisha akashika kigoda, akajivuta juu. Akasimama, magoti yanatetemeka.

"Dede! Dede!" mama akaimba, akipiga makofi polepole. "Simama dede!"

Zamda alitaka kufundisha. Alitaka sana! Lakini akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Twende tukacheze," akamwambia Tausi. "Nikibaki hapa nitaharibu."

Wakarushiana mpira uani. Huku, kule. Huku, kule.

Kibwana akatazama mpira. Akaachia kigoda.

Hatua. Akayumba. Hatua. Akayumba tena. Hatua, hatua, hatua!

Akafika katikati. Akasimama.

Mpira ukamgusa tumboni. Pu!

"Umetoka!" akapiga kelele Tausi.

Kibwana hakutoka. Aliokota mpira, akautia mdomoni, akaenda nao.

"Kibwana! Lete mpira!"

Akapita jikoni. Akapita kwenye kamba ya nguo. Akapita katikati ya kuku. Kwaa, kwaa, kwaa! Zamda nyuma, Tausi nyuma, mama nyuma, wote wanacheka mpaka wanaishiwa pumzi.

Usiku ulipoingia, mama akawafunika watoto wake khanga moja.

"Zamda, nani kamfundisha mdogo wako kutembea?"

"Kajifundisha mwenyewe," akasema Zamda. "Mimi nimejifunza kukaa kwenye ndoo."

Mama akacheka.

"Mama, kutulia je? Kutulia kunafundishwaje?"

"Sijui, mwanangu. Wewe mwenyewe bado nakungoja."

Zamda akacheka chini ya khanga. Kibwana naye akacheka, ke ke ke, ingawa hakujua kwa nini.

Halafu wakatulia wote wawili. Hakuna aliyewafundisha.