Kamba Iliyokuja na Gari

Kama kuna mtu Garissa aliyezaliwa na shaka, ni Bishar. Akinunua maziwa huyaonja mara tatu, na akisalimiwa na mtu asiyemjua huuliza kwanza ametumwa na nani. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepatikana! Habari hizi nimezipata kwa dada yake, Weris, maana Bishar mwenyewe siku hizi ukimtajia magari hunyanyuka akaenda zake.

Yalianza kwa mama yao, Faay. Ajuza huyo alizaliwa ndani ya aqal, kibanda cha mikeka ambacho wafugaji hukikunja wakakipandisha juu ya ngamia, na nyumba ya mawe ilikuwa ikimdhoofisha siku hadi siku. "Nipelekeni Ijara kwa Weris," akasema, "lakini msinibebe kama gunia. Nataka nilale njiani, pale nilipochunga." Bishar anampenda mama yake kupita kiasi. Akanunua karavani kuukuu iliyoachwa na wageni: chumba kidogo cha magurudumu mawili chenye kitanda, dirisha na mlango wake. Faay aliingia, akapapasa kuta, akacheka.

"Aqal ndiyo hii," akasema. "Sasa itafutie ngamia."

Huyo ngamia ndiye aliyekuwa kazi. Wiki nzima Bishar alizunguka kwenye yadi za magari. La kwanza liling'aa nje, lakini injini yake ilikuwa ndogo. "Hili la kubebea maharusi," alimwambia mwenye yadi, akaondoka. La pili rejeta yake ilikuwa imezibwa kwa gundi. La tatu lilikuwa na nguvu, ila chesisi ilikuwa imechomelewa mahali pawili, na gari lenye chesisi ya kuunga likivuta mzigo kwenye mchanga hukuachia nusu.

Mwisho akafika kwa Gelle. Gelle alikuwa na Landikruza ya dizeli, ya zamani, gia za mkono, ndoano ya kuvutia imefungwa kwa boliti kwenye chesisi yenyewe. Bishar alilala chini yake nusu saa. Alinusa oili. Aliiwasha ikiwa baridi, akautazama moshi. Akaifunga karavani nyuma, akavuka daraja la Tana na kurudi. Mshale wa joto haukutikisika.

"Limewahi kuvuta nini?" akauliza.

"Lilivuta gari jingine njia ya Elwak, siku mbili. Halikuchoka."

"Na hilo gari jingine liko wapi?"

Gelle akatazama pembeni. "Chukua na kamba yake, walaal, ndugu yangu. Nakupa bure."

Sasa sikiliza. Wafugaji wa huko kwa akina Bishar husema ngamia huuzwa, kamba haiuzwi. Muuzaji huivua akarudi nayo zizini, kwa kuwa yaliyofungwa na kamba ni ya mwenye kamba, mema na mabaya. Ukiona mtu anakusukumia kamba yake, kuna jambo anataka liondoke nawe. Bishar alilijua hilo tangu utotoni. Lakini hili ni gari, alijiambia, na kamba yenyewe ilikuwa nene, ya katani, haijakatika hata uzi. Ninamlaumu, kwa kweli. Anayeshuku maziwa anakosaje kushuku cha bure?

"Umemrudishia mwenyewe kamba yake?" Faay aliuliza asubuhi ya safari.

"Nimemrudishia, hooyo," akajibu. Kwao hooyo ni mama, na mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo.

Kamba ilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya karavani.

Waliondoka baada ya swala ya alfajiri, wakashika njia ya Masalani. Faay alikataa kukaa mbele. Alibaki kwenye aqal yake, na simu, na mkongojo, na jerikani ya maji. Saa ya kwanza gari lilikwenda vizuri. Saa ya pili mshale wa joto ukaanza kupanda. Gia ya nne ikashindwa, kisha ya tatu, na barabara ilikuwa tambarare. "Gelle mwizi," Bishar alinong'ona. "Amebadilisha kitu usiku." Alisimama akakagua. Maji yamejaa. Mkanda mzima. Breki za karavani hazikuwa zimekwama. Hakupata kosa lolote.

Mbele kidogo mchungaji mmoja aliinua jerikani tupu kando ya njia. Kule hakuna anayempita mtu wa kiu, na Bishar, pamoja na shaka zake zote, alisimama akamjazia. Mchungaji alirefusha shingo, akatazama nyuma ya karavani.

"Na wale wa gari la nyuma?" akauliza. "Mbona hujawapa maji?"

Bishar akageuka. Barabara ilikuwa nyeupe, haina kitu.

"Gari gani?"

Mchungaji aliyamwaga yale maji mchangani, akawaswaga mbuzi wake kwa haraka.

Bishar alikanyaga mafuta. Gari lilinguruma, halikukimbia. Simu ikalia. Mama.

"Simama, hooyo." Alikuwa akinong'ona. "Watu wana kiu."

"Watu gani?"

"Wanagonga."

Alisimama penye mgunga mmoja. Jua lilikuwa utosini. Kwenye kioo cha pembeni alimwona mama yake akishuka na jerikani, akiegemea mkongojo, akizunguka nyuma ya karavani. Yeye akashuka upande wa pili.

Kamba ilikuwa imefungwa nyuma ya karavani, kwa fundo asilolijua. Ilikuwa imenyooka na kukaza. Ilikwenda nyuma hatua nne, tano, ikaishia hewani. Haikuanguka. Ilikuwa ikitetemeka. Na mchangani, nyuma ya alama za magurudumu yake, kulikuwa na alama za magurudumu mengine.

Hakumwona mama yake pale. Hakumtafuta. Hofu ilimtangulia. Alichomoa kisu akakata. Kamba ikalegea.

Kisha akasikia mlango wa gari ukifunguliwa. Karibu sana. Haukuwa mlango wake.

Akakimbia hadi kwenye karavani. Mama alikuwa kitandani, amejifunika, uso ukutani.

"Hooyo, uko salama?"

"Twende."

Hakujiuliza amepandaje upesi vile. Aliufunga mlango, akaondoa gari. Likaruka. Gia ya nne ikashika kwa urahisi, na kabla ya alasiri walikuwa Ijara.

Weris alimpokea mama yake kwa machozi ya furaha. Mama alisema machache, akala kidogo, akanywa maji. Alikunywa mtungi mzima, akaomba mwingine. Bishar alisema ni joto la njiani. Usiku alilala fofofo, na asubuhi aliwasifia majirani gari lake.

Adhuhuri ya siku hiyo lori la mifugo likasimama mlangoni. Dereva, Abdinoor, aliuliza ni nani Bishar.

"Kuna ajuza kule mgungani," akasema. "Amekataa kupanda lori. Anasema alishuka kuwapa watu maji, simu akaiacha kitandani, mwanawe akamwacha. Anasema mwanawe atarudi."

"Mama yangu yumo humu ndani," Bishar akamjibu. "Nani amekutuma?"

Abdinoor akaingiza mkono mfukoni. "Alisema utashuku. Akanipa hii."

Ilikuwa tasbihi nyeusi. Punje moja ilishapotea zamani, na mahali pake pametiwa kifungo chekundu cha shati. Bishar alikijua kifungo hicho. Kilitoka kwenye shati lake la kwanza la shule, na alikitia yeye mwenyewe kwenye tasbihi ya mama yake.

Nyuma ya pazia, mama alikuwa katika dhikri. Weris anasema wote watatu walizisikia punje zikigongana, moja baada ya nyingine. Bishar akalifunua pazia. Mkononi mwa mama kulikuwa na tasbihi nyeusi, na kati ya vidole vyake, kifungo chekundu.

Mama akainua macho.

"Usimwamini, hooyo," akasema taratibu. "Kaa. Niletee maji."