Waya Mmoja Wenye Sauti Mbili

Bujiku wa Samuye alijulikana kwa mambo mawili. Alipenda ng'ombe wake kupita kiasi, na alikuwa mtu wa kwanza kijijini kufunga kengele ya umeme wa betri nyumbani. Ukimtembelea, ulionyeshwa kengele kwanza, kiti baadaye.

Kengele ile ilikuwa na sababu. Watu walipohamishiwa kwenye kijiji kipya, Bujiku alijenga kando ya barabara pamoja na mkewe, Mbuke. Zizi la ng'ombe lilibaki kule kwenye mahame, makazi yao ya zamani, karibu na mbuga yenye majani. Mdogo wake, Januari, alilala huko kulinda mifugo. Mama yao, Bibi Epifania, naye alikataa kuhama.

"Baba yenu nimemzika hapa," alisema. "Hiyo barabara itazameni ninyi."

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Wezi wa ng'ombe walikuwa wengi. Bujiku alibadilishana beberu na mtu wa Songwa, akapewa waya mrefu wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Aliutoa nyumbani, akaupitisha kwa mama yake, akaufikisha zizini. Kila mahali aliweka kitufe. Ukibonyeza kimojawapo, nyuzi mbili zinagusana, na kengele inalia barazani kwa Bujiku.

Aliweka kitufe kwa mama yake kwa sababu Bibi Epifania alikuwa na pumu. Pumu ikimbana, hakuwa na sauti ya kuita mtu.

Asubuhi moja Bujiku alikuwa anakunywa uji. Kengele ikalia. Bujiku akatupa bakuli, akachukua upinde na mishale, akapiga mwano. Mwano ni ukelele wa hatari ambao kila Msukuma anaujua. Akausikia jirani, naye akaupokea. Wanaume wakatoka mbio. Penye mawe makubwa njia inagawanyika, kulia kwa Bibi Epifania na kushoto zizini. Hakuna aliyejiuliza. Wote walishika kushoto.

Walimkuta Januari anakamua maziwa.

"Kuna nini?" aliuliza Januari.

"Si umebonyeza wewe?"

"Sijagusa kitu, kaka."

"Basi ni mama!" alisema Bujiku. Walirudi mbio, wakapanda kulia. Bibi Epifania alikuwa sakafuni, midomo imebadilika rangi, mkono bado uko kwenye kitufe. Walimkalisha juu ya baiskeli, wakamkimbiza zahanati. Mganga alimchoma sindano, akapona. Lakini mganga alisema wangechelewa kidogo tu, wangekuja na maiti.

Jioni Bujiku hakula. "Mama aliniita," alimwambia mkewe. "Mimi nikakimbilia ng'ombe."

"Kengele haikusema nani anaita," alisema Mbuke.

"Hata hivyo. Miguu yangu ilijua pa kwenda bila kuniuliza. Naona aibu, Mbuke."

Bujiku alitaka waya wa pili, ili kila kitufe kiwe na kengele yake. Alizunguka maduka yote ya Shinyanga mjini. Siku hizo hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, seuze waya. Alirudi mikono mitupu. Njiani akapita kwa Mwamvua.

Mwamvua alikuwa jirani yao, mzaliwa wa Tabora. Mumewe aliuza nguo mnadani. Yeye alitengeneza redio, kazi aliyofundishwa na mjomba wake huko Mwadui. Meza yake ilijaa redio zilizofunguliwa matumbo.

"Shikamoo, Mama," alisema Bujiku, maana Mwamvua alimzidi umri.

"Marahaba, baba. Mama anaendeleaje?"

Bujiku akamweleza yote. Mwamvua alisikiliza huku anapuliza vumbi ndani ya redio.

"Nimefikiri jambo," alisema Bujiku. "Mama abonyeze mara mbili, Januari abonyeze mara moja."

"Mtu asiyeweza kupumua atahesabu?" aliuliza Mwamvua. "Atabonyeza anavyoweza. Pengine ataanguka kidole kikiwa pale pale."

"Basi nipatie waya wa pili."

"Wa nini? Waya mmoja unatosha. Hata ukitaka vitufe vitatu, unatosha."

Bujiku alicheka. Alidhani anataniwa. Waya ni waya, alisema, utajuaje nani kaugusa? Mwamvua hakubishana naye. Alichukua kisanduku cha redio iliyokufa, chenye spika, akaunganisha betri za tochi na waya mfupi.

"Fumba macho," alisema.

Kisanduku kikalia kwa sauti nyembamba, kama filimbi. Kikanyamaza. Kisha kikalia tena, safari hii kwa sauti nene, kama fahali anayeguna. Bujiku akafumbua macho. Waya ulikuwa ule ule mmoja.

"Umefanya nini, Mama?"

Mwamvua alimwekea kiganjani vitu viwili vidogo, kila kimoja kama punje ya mpunga yenye mistari ya rangi. "Hizi ni rezista. Kazi yake ni kuubana umeme. Hii inabana kidogo. Hii inabana sana. Kila kitufe ninakipa ya kwake."

"Na sauti inatoka wapi?"

"Ukichota maji kwenye kisima cha pampu, mrija ukiwa mpana, ndoo inajaa upesi au polepole?"

"Upesi."

"Na mrija ukiwa mwembamba?"

"Polepole."

"Haya. Ndani ya kisanduku hiki kuna kitu kidogo kinaitwa kapasita. Hiyo ndiyo ndoo, na rezista ndiyo mrija. Inajaa umeme, inamwagwa, inajaa tena, inamwagwa tena. Kila ikimwagwa, spika inatikisika. Ikijaa upesi, spika inatikisika upesi, unasikia sauti nyembamba. Ikijaa polepole, unasikia sauti nene."

Maisha yake yote Bujiku alikuwa amechota maji, na kumbe ndoo ilikuwa na jambo kubwa namna hiyo ndani yake. Alizigeuzageuza zile punje mbili kiganjani. Aliona ajabu kwamba mama yake na ng'ombe wake wangetenganishwa na kitu ambacho kuku angeweza kukidonoa.

"Kwa hiyo waya unajua nani ameugusa," alisema polepole.

"Haujui kitu," alisema Mwamvua. "Unapitisha tu. Anayejua ni wewe unayesikiliza."

Kesho yake walikwenda kufunga. Mwamvua alikata uzi mmoja kwenye kila kitufe, akaunga rezista pale, akaifunika kwa utepe isipate unyevu. Kwa Bibi Epifania aliweka ya sauti nene. Zizini aliweka ya sauti nyembamba. Alitoa kengele barazani, akaweka kisanduku.

"Hizi ni betri za tochi," aliwaonya. "Haziui mtu. Umeme wa nyumba za mjini ni mwingine kabisa. Msije mkajaribu haya kwenye umeme ule."

Bibi Epifania aliketi kitandani, anatazama kila kitu. "Nikibonyeza mimi, atajua ni mimi?"

"Atajua, bibi."

"Hata akiwa anawaza ng'ombe?"

Mbuke aliangua kicheko. Bujiku alitazama chini.

Walirudi barazani kujaribu. Sauti nene ilipofika barazani, Bujiku aliona machozi yanamlengalenga, akasingizia vumbi. Kisha Mwamvua akatuma neno kwa Bibi Epifania na Januari wabonyeze pamoja. Kisanduku kikatoa sauti nyembamba kuliko zote mbili.

"Hiyo je?" aliuliza Bujiku.

"Mirija miwili imefunguliwa kwenye ndoo moja," alisema Mwamvua. "Inajaa upesi zaidi. Ishike sana masikioni. Ukiisikia, wameita wote wawili."

Bujiku alimwomba Mbuke akawasimamie wabonyeze tena na tena, mpaka Januari akatuma ujumbe kwamba kidole kinamuuma.

Ulifika wakati wa kuvuna pamba. Mchana mmoja Bujiku alikuwa barazani anafunga magunia. Kisanduku kikaguna kwa sauti nene. Alisimama. Kabla hajashuka barazani, sauti ile ikaruka juu, ikawa nyembamba kabisa, ikapiga kama sindano. Ilikuwa ile ya tatu. Mama alikuwa bado anabonyeza, na zizini nako wanabonyeza.

Bujiku alipiga mwano huku anakimbia. Wanaume walitoka mashambani. Penye mawe makubwa alisimama kidogo. Kushoto vumbi la ng'ombe lilikuwa limepanda juu, na alimsikia Januari anapiga kelele. Miguu ilitaka kushoto. Miguu yake ilikuwa imelelewa hivyo na baba yake na babu yake.

"Nendeni zizini!" aliwaambia wenzake. "Mimi napanda kwa mama."

Wengine walimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Lakini walikwenda.

Alimkuta mama yake ameegemea ukuta, anavuta pumzi kwa shida. Alimkalisha wima, akafungua dirisha na mlango, akampa vidonge alivyopewa zahanati, akamshika mgongo. Kwa mbali kelele za zizini ziliendelea. Bujiku hakutoka. Hatimaye kifua cha mama kilianza kulegea, mpaka pumzi zikawa za kawaida.

"Ng'ombe je?" aliuliza Bibi Epifania alipopata sauti.

"Sijui bado, mayu," alisema Bujiku, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hujui?" Alimtazama mwanawe. "Umekuja kwangu na ng'ombe hujui?"

"Ndiyo, mayu."

Bibi Epifania alishika mkono wa mwanawe, hakuuachia mpaka jua lilipoinama.

Wezi walifukuzwa. Walitoroka na fahali mmoja, yule mwekundu ambaye Bujiku alimpenda kuliko wote. Bujiku alimsikitikia, tena sana. Lakini watu wa zahanati waliposikia habari ile, walimwita Mwamvua, na baadaye vyumba vyao vyote vya wagonjwa vikawa vinaita kwa waya mmoja, kila chumba kwa sauti yake.

Tangu siku ile, Bibi Epifania akiamka salama, hubonyeza kitufe chake kwa ufupi kumsalimu mwanawe, kama walivyopatana. Barazani kisanduku huguna kwa sauti nene. Bujiku huweka bakuli la uji chini. Anajua waya hauwezi kurudisha maneno, na mama hamsikii.

"Shikamoo, mayu," hukiambia kisanduku, kisha humaliza uji wake.