Anayeonja Kwanza

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na wasichana wa korido yetu wakanituma mishumaa madukani pale Gisimenti. Bleu ndiye anayetumwa. Ndivyo walivyotuita wanafunzi wapya chuoni, na mwaka ule wa 1992 hapakuwa na bleu mnyonge kuliko mimi, Christella, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nilikuja Kigali kusoma, nikawa nachekwa kila nilipofungua mdomo kwa sababu ya lafudhi yangu ya Kirundi.

Nilikwenda shingo upande. Giza lililokaribia halikunisumbua. Nilijua tu kwamba nikirudi chumbani, kitanda cha pili kitakuwa kitupu.

Kitanda hicho kilikuwa cha Gahongayire. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, na alimrithisha binti yake Kiswahili cha barabarani pamoja na ukaidi. Wiki ya kuwabatiza bleu, wanafunzi wakubwa walinipigisha magoti uani wakaniletea kopo la maji ya majivu na pilipili. Nililia kimyakimya. Gahongayire, bleu kama mimi, akatoka kwenye mstari akalichukua kopo.

"Kwetu mtu hanywi kitu haijaonjwa," akasema. "Mimi naonja kwanza. Weye utakunywa nyuma."

Akagugumia karibu lote. Wakubwa hawakuweza kumzuia, maana Rwanda kama Burundi, anayekupa kinywaji hukionja mbele yako ujue hakina sumu. Tangu siku ile hakuniacha ninywe kitu bila yeye kutangulia. Chai ya bwaloni, maji ya bomba, hata dawa yangu ya kikohozi. "Humura," angeniambia akinipa kikombe, yaani usiogope. Nilimpenda. Nasema waziwazi hapa kwa sababu yeye sikuwahi kumwambia.

Kisha homa ikamshika, na shangazi yake akaja kumchukua akamuuguze kwake Kibagabaga, kwenye migomba.

"Nitakuletea umutobe," aliniambia mlangoni, akitetemeka ndani ya blanketi. Juisi ya ndizi ya shangazi yake ilikuwa na sifa zake.

Nilirudi na mishumaa jua likizama. Korido ilikuwa kimya. Nikasukuma mlango.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Udongo... udongo uliochimbwa sasa hivi, na ndani yake ndizi mbivu.

"Usiwashe mshumaa," sauti ikanong'ona.

Alikuwa amekaa kitandani kwake, kibuyu mapajani.

"Gaho? Umepona?"

"Nimeleta umutobe. Si nilisema?"

Furaha ilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Nikakaa karibu naye. Hakuwa na viatu, na miguu yake ilijaa udongo mwekundu hadi vifundoni. Nikajisemea, maskini, ametembea kutoka Kibagabaga kwa ajili yangu. Nikamshika mkono, nikauachia upesi. Ulikuwa baridi kama sakafu.

"Kunywa, Christella."

Akaninyooshea kibuyu. Nikangoja.

Hakuonja.

"Wewe kwanza," nikasema, nikijaribu kucheka. "Umesahau kazi yako?"

Nje mbwa akaanza kulia, akakatiza. Gahongayire akakiinua kibuyu, akakigusisha midomo. Koo lake halikusogea. Alipokishusha, juisi ilikuwa palepale, kwenye mdomo wa kibuyu.

Bibi yangu alikuwa akisema mzimu haonji. Huleta tu, na anayekunywa humfuata. Nilizoea kumcheka.

"Siwezi," akanong'ona. "Kule mimi iko bleu tena. Sijui mtu hata moja. Wananitazama tu... Kunywa, tuende wawili."

"Kule wapi, Gaho?"

Alikuwa akilia bila machozi, mabega tu yakitikisika. Moyo wangu ulivunjika pale, na haujaungika mpaka leo. Nani mwingine nilikuwa naye katika mji ule? Nikakipokea kibuyu. Nikakiinua. Utamu wa ndizi ukanifika puani... midomo yangu ikagusa.

Mkono wa baridi ukakifunika kibuyu.

"Hapana," akasema. "Haijaonjwa."

Akakivuta taratibu kutoka mikononi mwangu.

"Humura."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Munyakazi, mlinzi wetu, taa ya chemli mkono mmoja, kofia mkono wa pili.

"Mwanangu, kaa chini. Iko habari mbaya ya Kibagabaga. Mwenzako ametutoka mchana. Sasa hivi wanachimba."

Niligeuka. Kitanda kilikuwa kitupu. Sakafuni palikuwa na nyayo za udongo mwekundu, zinazoingia tu. Mzee alizitazama kwa muda, kisha akachukua ufagio wangu nyuma ya mlango, akazifagia mpaka nje bila kuniuliza kitu.

Kesho yake mazikoni nilimsikia shangazi akiwauliza majirani kama kuna aliyekiona kibuyu cha umutobe. Alikuwa amemkamulia mgonjwa wake asubuhi, akakiweka kando ya kitanda. Hakuna aliyekiona. Mimi nilitazama chini.

Mwaka ule niliumaliza. Lafudhi yangu wakaizoea, nami nikaizoea chai ya bwaloni. Lakini kila nikimimina kitu nikageukia pembeni kidogo, nikirudi nakuta kikombe kimepungua. Funda moja tu. Ukingoni pana alama nyembamba ya udongo mwekundu.

Bibi alisema wafu hawaonji. Labda hakujua yote. Labda na huko mtu akishamaliza mwaka wa kwanza huwa amejifunza. Ninaufuta udongo kwa kidole, nakunywa.

Hilo halinitishi tena. Ninachoogopa ni siku nitakayogeuka, nikute kikombe kimejaa.